Siku Moja Osaka, na Geti Lililonifungia

Safari hii ni ya Novemba 2019. Niliahidi kuiandika mara tu nitakaporudi Nairobi, kisha nikawa nazungukazunguka tu, leo nitaandika, kesho nitaandika. Sababu utaiona huko mbele, msomaji wangu.

Kazi ndiyo iliyonipeleka Osaka. Siku nne nzima tulikaa kwenye chumba cha mikutano tukikagua programu ya mteja wetu mstari kwa mstari. Katika siku hizo Japani yangu ilikuwa ni lifti, zulia na vikombe vya chai ya kijani. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, na ndege yangu ilikuwa ya Jumapili. Siku moja basi! Nikafunga kipakatalishi, nikakiacha hotelini, nikatoka.

Nilianzia kwenye ngome ya Osaka, ambayo Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583. Ukiitazama kutoka nje utaona kuta za mawe makubwa ajabu, mahandaki yenye maji na paa za kijani zenye nakshi za dhahabu. Ukiingia ndani ya mnara unakutana na nini? Lifti! Mnara uliokuwapo uliteketezwa na radi mwaka 1665, na huu wa sasa ulijengwa kwa zege mwaka 1931, kwa fedha zilizochangwa na wakazi wa jiji. Harambee kabisa. Ndani ni makumbusho, na wala hawafichi kwamba ni jengo jipya. Sisi watunzi wa programu tunaujua mtindo huo: sura ya zamani inabaki vile watu walivyoizoea, matumbo yote yanabadilishwa.

Kutoka hapo nikaenda Nipponbashi, kwenye mtaa wanaouita Den Den Town. Ukiijua Luthuli Avenue ya Nairobi, huyu ni ndugu yake wa mbali. Kuna nyaya, betri, taa, vipuri vidogo vidogo vya elektroniki kwenye vidroo, na mashine za michezo za miaka ya themanini zinazouzwa kama dhahabu. Nilikaa saa mbili nikanunua vitu vya kijinga ambavyo mke wangu bado ananiuliza ni vya nini.

Jambo moja dogo nililoligundua huko njiani: kwenye ngazi za umeme, watu wa Osaka husimama upande wa kulia na kuwaachia wenye haraka upande wa kushoto. Tokyo ni kinyume chake. Nilisimama kushoto mara tatu kabla ya kuelewa kwa nini watu wanakohoa nyuma yangu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watalii hupanda treni kwenda kuona mahekalu. Mimi nilipanda treni kwenda kuona geti la stesheni. Usicheke! Mwaka 1967, katika stesheni ya Kita-Senri kaskazini mwa jiji, reli ya Hankyu ilifunga mageti ya kukagua tiketi yenyewe, yaliyotengenezwa na kampuni ya Tateishi, ambayo leo inaitwa Omron. Hii ilikuwa kazi ya waanzilishi. Kabla ya hapo alisimama mtu mlangoni akitoboa tiketi moja moja kwa koleo, asubuhi nzima, huku umati ukimsukuma.

Kuna hadithi inayosimuliwa kuhusu kazi hiyo. Mashine ilitaka tiketi iingie ikiwa imenyooka, na abiria mwenye haraka huisukuma ikiwa imepinda. Mhandisi mmoja akaenda kuvua samaki, akaona jani la mwanzi likielea mtoni, likagonga jiwe, likageuka na kunyooka na mkondo. Basi wakaweka kizuizi kidogo ndani ya mashine ili tiketi iliyopinda ikigonga hapo, inyooke yenyewe. Hadithi hiyo niliipenda kwa sababu ya ule uvuvi. Maana yake hasa sikuielewa hadi saa nane mchana wa siku hiyo.

Nilinunua tiketi ya karatasi makusudi, ili nione ikimezwa. Ramani ya nauli ilikuwa juu ya mashine, imejaa vituo na namba, nikachagua tiketi ya bei ya chini nikidhani inatosha. Kumbe treni ile huanza safari kwenye reli ya chini ya ardhi ya jiji, kisha ikavuka na kuendelea juu ya reli ya Hankyu bila mtu kushuka. Kampuni mbili, nauli mbili, treni moja. Mimi nilikuwa nimelipia kipande cha kwanza tu.

Kita-Senri ni mwisho wa reli. Nikashuka, nikapiga picha, nikaingiza tiketi yangu kwa heshima zote. Pii! Milango miwili midogo ikafunga mbele ya mapaja yangu. Nyuma yangu kulikuwa na watu.

Jasho likanitoka. Mtu mweusi peke yake, mkoba mgongoni, amezuiwa getini kama mwizi wa nauli. Nilikuwa nikijiandaa kusema samahani kwa lugha tatu. Lakini waliokuwa nyuma yangu walihamia geti la pembeni wala hawakunitazama. Bibi mmoja mzee akanigusa kiwiko, akanionyesha mashine ukutani, hatua chache tu kutoka hapo, upande uleule wa ndani. Unaingiza tiketi yako, inakuambia umepungukiwa kiasi gani, unalipa tofauti tu bila faini, inakupa tiketi nyingine. Nikarudi getini, likafunguka. Dakika moja labda. Bibi akainamisha kichwa, akaenda zake.

Nikakaa kwenye benchi nje ya stesheni, na aliyenijia akilini ni mama mmoja wa Nairobi.

Mwaka 2014, serikali ilipotaka matatu zote zipokee nauli kwa kadi, nilikuwa miongoni mwa watunzi wa mojawapo ya mifumo ile. Alfajiri moja nilipanda matatu kufanya majaribio. Mama akapanda akiwa na gunia la sukuma wiki, akagusisha kadi, taa nyekundu ikawaka: salio halitoshi. Alikuwa amepungukiwa shilingi tano. Alizishika mkononi, sarafu, akamnyooshea makanga. Makanga akasema haruhusiwi kupokea pesa taslimu. Akamshusha yeye na gunia lake, kukiwa bado giza. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nina daftari. Shilingi tano nilikuwa nazo. Sikusema kitu. Niliandika: "Mfumo umefanya kazi ilivyotarajiwa."

Mpango ule wa kadi ulikufa, na kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia kwamba uliuawa na makanga na wenye magari waliopenda pesa zisizoandikwa. Ni kweli kwa kiasi. Ni kweli pia kwamba kila kampuni ilileta kadi yake isiyosoma kwenye mashine ya mwenzake. Lakini pale kwenye benchi nilijua kwamba sehemu yangu mimi haikuuawa na mtu yeyote. Niliandika msimbo wenye majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na baada ya hapana sikuweka kitu. Wahandisi wa Osaka walijua tangu mwanzo kwamba watu watapinda tiketi na watakosea nauli, na kosa hilo wakalichukulia kuwa sehemu ya kazi yao. Mashine ndiyo iliyofunzwa kunyoosha tiketi.

Nilirudi kituo kimoja hadi Yamada, nikachukua reli ya monorail hadi bustani ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, nikatazama Mnara wa Jua wa msanii Taro Okamoto, mita 70 kwenda juu, una uso wa dhahabu kileleni, mwingine kifuani na mwingine mweusi mgongoni. Jioni nikaenda Dotonbori, nikala takoyaki za moto zilizoniunguza ulimi, chini ya lile bango la mkimbiaji wa Glico ambalo lilianza kuwekwa hapo mwaka 1935. Nilipiga picha kama kila mtu. Kusema kweli mawazo yalikuwa bado Kita-Senri.

Niliporudi nyumbani tulikuwa tukitengeneza mfumo wa malipo ya kabla kwa vibanda vya maji. Salio likiisha, bomba linafunga. Nikaomba tuongeze jambo moja: aliyepungukiwa apewe mtungi mmoja wa lita 20, deni likatwe atakapoweka pesa tena. Mkubwa wangu akauliza nani atalipa wasiporudi. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe ikakubaliwa, mtungi mmoja tu, mara moja tu hadi deni lilipwe. Wapo ambao hawakulipa. Wengi walilipa.

Yule mama sikumwona tena, na ile ripoti bado ninayo kwenye diski ya zamani. Nikianza kazi mpya siku hizi, swali la kwanza ninalouliza ni hili: akipungukiwa shilingi tano, anaenda wapi?