Magnum Si Cheo: Ukinunua Rivolva Iliyotumika, Angalia Chuma Kwanza

Wacha niseme mapema, ndiyo anayetaka kukasirika akasirike mapema: ukiwa na .38 yenye leseni, inayofanya kazi, na unataka kuhamia .357 Magnum, kwanza jiulize kama unatafuta bunduki ama unatafuta jina. Kwa sababu "magnum" ni neno tamu. Ukilitamka kwa meza ya nyama choma, watu wanageuka. Lakini neno halizuii mtutu kupasuka.

Mimi mwenyewe sina leseni na sina bunduki. Hii mada imeingia nyumbani kwetu hapa Entarara kupitia kwa anko wangu, ambaye ananunua na kuuza ng'ombe, leo Kitengela, kesho Bissil. Ako na leseni ya miaka mingi. Mwishoni mwa 2018, Waziri Matiang'i alipoagiza kila raia mwenye bunduki akaguliwe upya, alipanga foleni kama wengine na akapita. Silaha yake ni rivolva fupi ya .38, risasi tano, ndogo hadi ukimwona na koti huwezi jua. Mwaka huu ameamua kupanda ngazi, na kwa sababu mimi ndiye "kijana wa intaneti", nikaambiwa nisome halafu niandamane naye kwa muuzaji. Nimesoma, nikaandamana, na sasa nina maoni.

Tuanze na hizi namba, maana zinachanganya watu. .38 Special ilitoka 1898. .357 Magnum ikatoka 1935, ikiwa na ganda refu kidogo, kama milimita tatu hivi. Upana wa risasi zenyewe ni uleule. Ule urefu uliongezwa makusudi ili magnum isiingie kwa bastola ya zamani ya .38 na kuipasua. Presha inayoruhusiwa ndani ya .38 ya kawaida ni pauni 17,000 kwa kila inchi mraba. Kwa .357 ni 35,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana rivolva ya .357 inaweza kupiga risasi za .38 bila shida, lakini ya .38 kamwe haipigi .357. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Na kuna mtego mwingine kwa nchi iliyotawaliwa na Mwingereza kama yetu. Enfield na Webley za jeshi na polisi wa kikoloni, zile settler walikuwa wakitembea nazo kiunoni wakati wa Hali ya Hatari ya 1952, nyingi zilikuwa za ".38" pia, lakini si .38 Special. Risasi yake ni fupi na nene kidogo. Nyingine baadaye zilitobolewa upya ili zimeze .38 Special, na hizo ni za kuogopa. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni .38 ya babu", usichukue neno lake. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, halafu umwonyeshe fundi wa silaha.

Sasa, magnum ni ya nini? Kule Marekani wana majibu: kuna anayewinda paa, kuna anayeishi karibu na dubu. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Nimesikia jamaa wakisema, "Lakini sisi tuko na simba." Ni kweli, hifadhi ya Nairobi haina ua upande wetu wa kusini, na Juni 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Waliuawa kwa mikuki, si kwa magnum. Na suluhisho lililosafiri dunia nzima lilitoka kwa kijana wa hapahapa, Richard Turere, aliyefunga taa za kumweka kuzunguka boma la baba yake akiwa bado mtoto, hadi 2013 akapanda jukwaa la TED kulieleza. Taa, betri, sola. Isitoshe simba analindwa na sheria, na bastola ya kiunoni si silaha ya kumkabili mnyama wa kilo 190 gizani. Utamjeruhi tu, kisha mtajuana.

Inabaki sababu moja ya kweli: mtu. Anko anabeba pesa siku za soko na anaogopa kufuatwa. Hofu hiyo siidharau. Lakini angalia tunapoishi. Hii si ile Kajiado ya picha, ng'ombe na upeo wa macho. Ploti ni 50 kwa 100, jirani yuko hapo, na nyumba nyingi ni za mabati. Hata .38 inapita bati. .357 ikitoka kwa mtutu wa inchi nne inabeba nguvu zaidi ya mara mbili ya .38 ya kawaida, kwa hivyo inapita bati la kwanza na la pili na bado ina safari. Upande wa pili kuna watoto wa mtu wamelala. Na mlio ni zaidi ya desibeli 160. Ukiipiga ndani ya chumba, masikio yako hayatakusamehe. Hili ndilo nilimwambia anko kwa gari, na hakulipenda.

Kwa muuzaji tuliwekewa mbili, zote zimetumika, zote .357, zote mtutu wa inchi nne. Moja Smith & Wesson Model 19, rangi ya buluu nyeusi inang'aa kama kiatu cha harusi. Nyingine Ruger GP100, ya chuma cha pua, imekwaruzwa kila mahali, mpini umechakaa. Macho ya anko yalienda kwa Smith na yakakaa huko. Ningekuwa yeye yangekaa pia.

Mimi mikono yangu ilikaa mfukoni, maana sina leseni ya kushika chochote. Muuzaji akazifungua, akatuonyesha ziko tupu, kisha tukaanza kuuliza.

Kwanza, nyundo. Ivutwe polepole hadi mwisho. Silinda inafaa kuwa imeshajifunga kabla nyundo haijakwama. Nyundo ikifika na silinda bado inacheza, tundu la risasi halijapangana vizuri na mtutu. Hiyo bunduki itanyoa risasi na kumrushia vipande mtu aliyesimama kando. Jaribu matundu yote sita, si moja.

Pili, mwanya kati ya silinda na mtutu. Unapimwa kwa vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi wa magari hutumia kwa vali. Milimita 0.1 hadi 0.2 ni kawaida. Ukikaribia 0.3, hapo unalipia matengenezo ya mtu mwingine. Sukuma silinda mbele na nyuma, ikitembea, imechoka.

Tatu, mkono wa chuma unaobeba silinda. Yule jamaa anayefunga silinda kwa kuirusha kwa kiganja kama kwa sinema, anaupinda. Silinda ikifungwa isikwame, wala isiwe na nafasi pale mkono unapokutana na fremu.

Nne, na hapa ndipo magnum inajulikana: mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapoingilia. Model 19 ilitoka 1955, na fremu yake ni ya ukubwa wa kati. Ili silinda ijifunge, huo mdomo umekatwa bapa kwa chini, na hapo chuma ni chembamba. Risasi nyepesi za magnum, zile za kasi kubwa, zikipigwa kwa wingi, hapo ndipo panapopasuka. Wengi waliozibeba walifanya mazoezi na .38 kwa sababu hiyo. GP100, iliyokuja katikati ya miaka ya 1980, ilijengwa nene pale ili ile magnum kila siku.

Muuzaji akamulika tochi. Ile Smith nzuri ilikuwa imeliwa pale mdomoni, chuma kina mikwaruzo ya moto, na chini kabisa kulikuwa na mstari ambao fundi peke yake angejua kama ni uchafu au ufa. Ile Ruger yenye sura ya matatu ya zamani ilikuwa safi. Tena ndani ya matundu ya silinda kulikuwa na pete ya masizi, mbele kidogo ya pale ganda la .38 linapoishia. Maana yake mwenyewe wa zamani alikuwa anailisha .38 karibu kila mara. Alikuwa na magnum na hakuitumia kama magnum. Huyo mzee simjui lakini namheshimu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ukilazimika kupanda, nunua fremu nene, sura mbaya, ndani safi, halafu uilishe .38. Utapata uzito wa kutuliza mkono, risasi sita badala ya tano, mtutu mrefu wa kulenga, na chuma ambacho hakitachoka mbele yako. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kupanda. Uende nayo uwanja wa shabaha, Kirigiti au popote umekubaliwa, hadi risasi sita zikae kwa kikaratasi cha ukubwa wa sahani.

Na usikimbilie kulipa. Cheti cha bunduki Kenya kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Ukibadilisha bunduki, cheti nacho lazima kibadilike kabla hujaibeba, na ile ya zamani ina njia yake ya kisheria ya kuondoka mikononi mwako. Hakuna "nitashika hii wiki hii, karatasi zitafuata." Hiyo ni jela.

Anko aliomba Ruger iwekwe kando akifuatilia karatasi. Lakini kuna kitu kingine alifanya ambacho mimi nakihesabu kuliko kaliba yoyote: ameanza kuwalipa wafugaji kwa M-Pesa na benki, na siku za soko anatembea na pesa ya chai na mafuta tu. Mwizi anafuata pesa. Ukiiondoa pesa mfukoni, umepunguza zile siku ambazo utahitaji kujua kama rivolva yako inafunga vizuri.

Bado nasema magnum si cheo. Ukiwa na leseni na unaniona mshamba, sawa. Lakini kabla hujanijibu, toa risasi zote kwa yako, chukua tochi, na umulike pale mdomo wa mtutu.