Shaba Haipiti Mlangoni

Mwaka 2021, Korona ilipomfungia binti yangu Maskati na mimi nikabaki kisiwani, alinifundisha kucheza Valheim. Ni mchezo wa kompyuta uliotungwa na watu watano wa mji wa Skövde, Sweden, ukaanza kuuzwa tarehe 2 Februari mwaka ule hali ya kuwa haujakamilika. Watu hadi kumi huingia pamoja katika msitu wa kale, mikono mitupu. Wakakata miti, wakawinda, wakajenga.

Mimi niliyezeeka na makamusi niliudharau. Siku ya kwanza niliangukiwa na mti nilioukata mwenyewe, nikafa. Binti yangu alicheka mpaka akakosa sauti, na kicheko kile nilikuwa sijakisikia kwa miezi.

Kilichoniteka hasa ni bahari. Mna milango ya kichawi ya kumvusha mtu kutoka pwani hii hadi ile kwa mara moja, lakini wakati ule shaba, bati na chuma havikupita. Ilikuwa sharti vipakiwe chomboni. Basi tukisafiri usiku, yeye kashika usukani, mimi natazama miamba. Upepo ukitupiga usoni tanga halifai kitu: ni kubisha, au kupiga makasia. Masafa marefu, mazungumzo marefu. Aliniambia mle chomboni mambo ambayo kwa simu hakuwahi kuniambia. Na Skövde, nimeangalia ramani, haiko hata karibu na pwani!

Tulipoifikia nchi ya ukungu tulikuta miti mikubwa iliyotandwa na buibui, na kazi hapana. Yaliyomo yaliletwa Disemba 2022. Hilo niliwasamehe, katika mtoto wa meza yangu zimo tafsiri zenye nafasi tupu kama ile.

Nililolichukia ni kwamba dunia yetu ilikaa ndani ya kompyuta yake. Akiizima, hakuna pwani wala chombo, nami hubaki nje kama mgeni. Ilikuwapo njia ya kukodi mahali pa kuiweka, tukaahirisha. Alipoanza kazi ya zamu za usiku, wiki zikapita. Kisha kompyuta ikaharibika, na nakala hakuwa nayo. Shehena ya chuma tuliiacha gatini, haijapakuliwa.

"Baba, tuanze upya?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote.