Bega la Kukodisha

Sijawahi kushika bunduki. Iliyowahi kunikaribia zaidi ni ile ya askari wa benki, siku nilipomuuliza foleni inaanzia wapi. Lakini kwa miaka miwili sasa kuna wanaume huko Wyoming na Montana ambao huenda wamenunua risasi kwa sababu ya maneno niliyoyaandika nikiwa Kahawa West, intaneti ikitoka kwa simu na token za stima zikielekea kuisha. Hawanijui. Juu ya makala kuna jina la mtu mwingine na picha ya mzee mwenye ndevu na kofia.

Hiyo ndiyo kazi. Unaandika, unalipwa, jina linabaki la mwenye tovuti. Nimeandika kuhusu mahema ya theluji, ndoano za samaki, buti za kupanda milima ambayo siwezi hata kuipata kwenye ramani bila msaada. Ya bunduki yalinifuata kwa sababu nililipia mwaka mmoja na nusu wa fizikia chuoni kabla karo haijanishinda, na mteja aligundua kwamba siogopi hesabu.

Agizo la mwezi jana lilikuwa hivi: linganisha teke la risasi mbalimbali kwa mtu anayewinda koyote kutoka mbali. Maneno 1,500. Andika kama mtu aliyezipiga zote.

Koyote ni ndugu wa bweha wetu, mnyama wa kilo kumi hadi ishirini hivi, mjanja kupita kiasi. Anapatikana kuanzia Alaska hadi Panama. Wafugaji wa kondoo hawampendi hata kidogo, na Wyoming sheria inamweka katika kundi la wanyama wanaoweza kupigwa risasi mwaka mzima. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo mtu aliyepoteza mbuzi kwa bweha hana haja ya kujua tofauti ya .243 na .22-250. Mimi ndiye najua. Mambo ya dunia.

Hesabu yenyewe kila aliyepita form three anaikumbuka, hata kama alisoma akilala. Risasi ya uzito fulani inatoka kwa mwendo fulani, bunduki ina uzito fulani, tafuta mwendo wa bunduki ikirudi nyuma. Kitu pekee ambacho mwalimu hakutuambia ni baruti. Gesi yake hutoka mdomoni kwa kasi kuliko risasi yenyewe, na katika hizi risasi ndogo zenye ganda kubwa, gesi hiyo ni sehemu nzito ya teke. Ukiiacha nje, jibu lako ni la mtihani tu, si la bega.

Nilichukua bunduki ya kilo 3.6 nikapiga hesabu moja baada ya nyingine. .223 Remington, yenye kichwa cha gramu tatu na nusu, inarudi na juli 4 hivi. .22-250 ina kichwa kilekile, lakini baruti yake ni karibu mara moja na nusu. Inafika karibu 7. .243 Winchester ya kichwa cha gramu sita na nusu inagonga 11. 6.5 Creedmoor, ambayo Hornady waliitoa 2007 na ambayo wanaume wa mtandaoni wanabishana juu yake kama Gor na Ingwe, inafika 16. .308 inafika 20. Yaani kutoka ya kwanza hadi ya mwisho teke limeongezeka mara tano, na yule mnyama hajaongeza hata kilo moja.

Kwa nini basi mtu asichukue .223 akaenda zake? Upepo. Ukimpiga koyote kutoka yadi 400, upepo wa kawaida tu wa maili kumi kwa saa unaisukuma risasi hiyo nyepesi pembeni zaidi ya futi moja, na moyo na mapafu ya koyote havizidi sana ukubwa wa kisahani. Ndiyo watu wanapanda hadi .22-250 kwa ajili ya mwendo, au hadi .243 kwa ajili ya uzito. Ukinunua nguvu ya kupambana na upepo, unailipia begani.

Ila nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba bega si ndilo tatizo. Juli 11 haimuumizi mtu mzima. Tatizo ni jicho. Mwindaji wa mbali anatazama kwa darubini, na teke linapokuja, darubini inaruka na picha inapotea. Akiwa na .223, alama ya msalaba inatikisika kidogo tu na anaona kila kitu: vumbi likiruka kushoto, au mnyama akianguka. Akiona vumbi, anajua asogeze wapi risasi ya pili. Kwa .243 yenye kichwa kizito, kati ya mlio na picha kurudi kuna muda mfupi ambao hajui alichofanya. Wengine wanaongeza uzito wa bunduki, wengine wanafunga breki mdomoni, inayopeleka gesi pembeni na kupunguza teke lakini inaongeza kelele ya kupasua masikio. Wengi wanachagua .243 ya kichwa chepesi na kuishia hapo. Ningekuwa wao, ningefanya hivyo.

Nikatuma. Baada ya siku mbili ikarudi.

Mteja alisema namba ziko sawa, lakini namba hata mashine inampa bure. Tangu ChatGPT ije Novemba 2022, na Google mwezi uliofuata wakaongeza uzoefu katika vigezo vyao vya kupima ubora, kila mtu anataka kitu ambacho mashine haina. Anataka mwili. “Wewe uko wapi hapa?” aliuliza. “Bega lako lilisikiaje?”

Naelewa biashara yake. Marafiki zangu watatu tulioanza nao hii kazi sasa wako kwa boda na kwa duka la simu, kwa sababu makala yao ya namba hayanunuliki tena. Hii ilikuwa dola 45, na mdogo wangu yuko form three na karo haijaisha. Lakini kuna mtu Montana atakayemnunulia mtoto wake bunduki ya kwanza akiamini bega langu. Uongo kuhusu hema haujawahi kuninyima usingizi. Huu ulininyima.

Nikampigia mjomba.

Mjomba wangu anaishi upande wa Rumuruti, na alikuwa polisi wa akiba kwa miaka kumi na moja. Alibeba Mark 4, ile .303 ya Waingereza, yenye umri kumshinda yeye. Kwa hesabu yangu inapiga teke la juli 16 hivi, sawa na hiyo Creedmoor ya vijana. Nilimwambia.

“Juli ni nini?” akauliza.

Nikamweleza. Akasema sawa, lakini teke linategemea.

“Linategemea nini, mjomba?”

“Kwa training utalisikia. Ukiiachia bunduki nafasi kidogo kati ya kitako na bega, inakuja na mbio inakugonga. Ukiikumbatia, inakusukuma tu. Sasa siku ukipigiwa, husikii kitu. Unasikia kesho yake ukivaa shati.”

Niliandika upesi. Nikamuuliza kama ukipiga unaona risasi imefika wapi.

Alichelewa kujibu. Mimi nilikuwa najua kuna usiku mmoja wa ng’ombe, kila mtu katika familia anajua, na hakuna anayeuliza. Alisema Mark 4 inainua mdomo, na ukirudi kutazama pale mbele kumebadilika, watu wamelala chini, wengine wanakimbia, na huwezi kusema ni wewe au ni mwenzako au hakuna. “Inakunyima kuona,” alisema. Kisha: “Hiyo usimwandikie huyo mzungu. Mwandikie ya training.”

Nikamwandikia ya training. Niliweka aya moja: mtu ninayemjua, aliyebeba .303 kwa miaka kumi na moja, anasema hivi kuhusu kitako na bega na shati la kesho yake. Mimi sikujiweka popote. Mteja alifurahi, akalipa siku hiyohiyo. Makala yalipotoka nikayafungua. “Mtu ninayemjua” alikuwa amefutwa. Sasa ni yule mzee mwenye ndevu aliyebeba .303 miaka kumi na moja, na ni shati lake. Nilimwandikia mteja nikaomba arudishe sentensi ilivyokuwa. Akajibu kwamba kwa mkataba maneno yakishalipwa ni yake, na ni kweli, mkataba unasema hivyo. Aliniuliza kama niko tayari kuandika kuhusu bunduki za kulungu. Nikamwambia natafuta kazi nyingine. Bado natafuta.

Nilimtumia mjomba elfu mbili kwa M-Pesa. Akapiga dakika hiyohiyo.

“Hizi ni za nini?”

“Za bega.”

Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza habari za mama, akauliza kama nimekula. Halafu akauliza, “Na hizo ndogo ulizosema, hizo .223. Mtu anaona kweli risasi ikifika?”

Nikamwambia wote wanasema hivyo. Kwamba kwa darubini nzuri unaona mpaka mwisho.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia mvua imeanza huko kwao, mbuzi bado wako nje, atanipigia.