Picha Itakwenda Wapi

Kwa miaka mingi nilidhani kibali cha kupiga picha stesheni ni shughuli kati yangu na ofisi. Unaandika barua, unajieleza, unataja siku na utakachopiga, na picha zitatumika wapi. Barua inagongwa muhuri, au hairudi. Hicho kipengele cha matumizi ndicho nilichokijaza upesi kuliko vyote. "Kumbukumbu binafsi," niliandika, nikageukia kamera yangu.

Ulinzi wenyewe wa stesheni na madaraja dhidi ya kamera sikuwahi kuuonea uchungu. Anayeipenda reli ya TAZARA, kama ninavyoipenda, anajua kwamba zile kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, hazikutandazwa wakati wa utulivu. Zambia ilihitaji kufikisha shaba yake baharini bila kupita kwa walowezi wa Rhodesia, na mwaka 1979, miaka mitatu tu baada ya reli kukabidhiwa, majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja lake la mto Chambeshi. Askari anayemsogelea mwenye kamera karibu na daraja amerithi hofu iliyokuwa na sababu. Nikizuiwa, husema "sawa, afande," nikaishusha kamera. Nikaona adabu yangu imetimia.

Aliyenifikirisha zaidi ni mama mmoja kwenye stesheni ya njiani, nyanda za juu kusini, aliyekuwa amekalia furushi akisubiri treni. Kibali nilikuwa nacho mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia, na macho yake yakabaki kwenye kamera.

"Mwanangu, hiyo picha itakwenda wapi?"

Nikamwambia nimeruhusiwa na ofisi.

"Ya ofisi nimesikia. Nauliza yangu."

Lilikuwa swali lilelile la kwenye barua. Likitoka mezani nililiona urasimu, na sasa likitoka kwa mtu ambaye uso wake ndio ungesafiri, sikuwa na jibu la kumpa haraka. Nikakaa naye. Nikamweleza ninakusanya picha za wasafiri wa reli hii, kwamba huenda nyingine zikachapishwa, na kwamba yake naweza kuiacha. Akafikiri, akakubali. Lakini kwanza alifunga upya kilemba, akakung'uta khanga, akaketi wima kunitazama kama anayepigiwa picha ya pasipoti. Ule mkono uliokuwa umelalia fundo la furushi, na bega lililoinama kwa uchovu wa safari, vyote vikaondoka.

Nyumbani niliitazama picha ile kwa masikitiko, nikiona ruhusa imeninyang'anya nilichokuwa nikikitafuta. Ilinichukua muda kufikiri kwamba uchovu ule ulikuwa wake, na kwamba aliamua kutonipa. Alinipa kilemba kilichofungwa vizuri. Sijui bado ipi kati ya picha hizo mbili ndiyo ya kweli zaidi, na mara nyingine naikumbuka zaidi ile ambayo sikuipiga.

Tena moyo wangu hautulii upande mmoja. Katika picha za ujenzi wa reli hiyo, miaka ya 1970 hadi 1975, nimewaona vijana wakiwa matumbo wazi, wametota jasho, hawamtazami mpiga picha. Nyingi hazina majina yao chini yake. Ninashukuru zilipigwa, bila hizo tungebaki na picha za viongozi wakipeana mikono. Na bado najiuliza wale vijana wangejibu nini kama wangeulizwa swali la yule mama.

Nchini Tanzania sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nafarijika kuona swali la mama yule limepata mahali katika sheria. Barua zangu zimekuwa ndefu. Mtu mmojammoja namuuliza, na akikataa naondoka bila kumbembeleza. Kinachonishinda ni ukumbi uliojaa, usiku wa safari, watu na watoto na magunia, ambapo nikianza kuuliza mmoja, ishirini wameshapita. Hapo husogea mbali hadi nyuso ziwe ndogo, nikapiga. Ofisi imeruhusu ukumbi, na mimi nimejiruhusu umbali, ingawa huo umbali hakuna aliyenipa.