Nilifyeka mbegu za magokoro

Kabla mnicheke, kumbukeni hata nyinyi mlilelewa hivi: ukichelewa shuleni, jembe. Ukiongea Ekegusii darasani, jembe. Tunafundishwa miaka yote kwamba kulima ni adhabu, alafu wazee wanashangaa mbona vijana hawataki shamba.

Basi Februari nikaenda ushago, Nyamira. Nyuma ya jikoni ya magokoro kuna kashamba ka mboga. Tangu goti lianze kumsumbua kamekuwa msitu. Lakini kilichoniuma si huo msitu. Nilimpata akitoka sokoni na chinsaga kwa mfuko. Amenunua! Mwanamke ambaye kijiji kizima kilikuwa kinaomba mboga kwake. Na mnajua chinsaga kwetu si mboga tu. Mama akijifungua ndiyo anapelekewa, imepikwa na maziwa mpaka ule uchungu utulie.

Baba mdogo alikuwa ameshaamua apande mikaratusi hapo. Simlaumu sana. Mkaratusi unakua haraka, unauza nguzo, unauza kuni. Lakini unanyonya maji, na chini yake mboga haikubali. Shamba letu limegawanywa na kugawanywa tena tangu enzi za sokoro, hicho ndicho kipande kimebaki. Akanipa wiki moja.

Nikashika slasha. Kufika saa sita kulikuwa kweupe, nikapiga picha hata. Magokoro akatoka na fimbo yake, akasimama, akaangalia kona ya juu.

"Omwana one, zile za pale ziko wapi?"

Zile ndefu zilizokauka, zenye maganda membamba kama vidole? Mimi nilidhani ni magugu. Kumbe ni chinsaga aliyoiacha makusudi itoe mbegu.

Hakunigombanisha, na manze ni heri angenigombanisha. Alikaa chini, akanyoosha ule mguu mbaya, akaanza kuokota maganda. Tuliokota mpaka giza. Mengi yalikuwa yamepasuka, na mbegu yenyewe ni ndogo na nyeusi, utaitafuta wapi kwa udongo? Nikamwambia basi tupande hizi tumeokoa. Akacheka. Mbegu mpya hulala, akasema, uimwage leo haitaota vizuri, lazima ikae miezi. Ya kupanda sasa alikuwa nayo kwa chupa ya dawa ya kikohozi, imechanganywa na jivu.

Kesho yake nikachukua jembe, akanizuia tena. Kulikuwa na sangari, na sangari ukiikatakata mizizi umeipanda upya, kila kipande kinakuwa mmea. Ilibidi foki, ninainua udongo, navuta mzizi mmoja mmoja, naanika juani. Siku nne, kwa kipande ambacho slasha ilimaliza asubuhi moja. Mikono ilitoka malengelenge, sidanganyi. Managu iliyokuwa imejiotea yenyewe akaniambia niizunguke, nisiiguse.

Jumamosi baba mdogo akaja. Akaangalia ule udongo mwekundu, akaokota kamzizi kamoja nilikosahau, akakatupa juani. Akauliza mbegu itatosha? Magokoro akasema itatosha. Hakuna mtu alitaja miti, ingawa miche yake bado iko pale kwa baraza, anaimwagilia kila jioni.

Zile tulizookota ziko kwa chupa nyingine. Nimeandika juu yake kwa kalamu: AGOSTI. Nauli naanza kuweka sasa.