Vikapu Kumi na Viwili na Sauti ya Bi Kidude

Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaoisoma tafakari hii kila juma, leo sikupanga kuwaandikia habari za taarab. Nilikuwa nimekaa barazani jioni baada ya Misa, nikitafuta namna ya kuihubiri ile Injili ya mikate mitano na samaki wawili, alipopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, Mwislamu mcha Mungu ambaye mimi humwita Maalim naye huniita Padri. Mkononi alikuwa na diski moja ndani ya kasha lililochubuka.

“Padri,” akaniambia, “kila Jumapili unalalamika kwamba wazee katika kwaya yako wana sauti za kukwaruza. Hebu usikilize na mkwaruzo huu, kisha uniambie.”

Diski ile ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za Bi Kidude, uliotolewa katika miaka ya 2000 na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ukiwa wa nne katika mfululizo wake uitwao Zanzibara. Niliusikiliza usiku ule wote. Nilipomaliza sikuwa na mahubiri. Nilikuwa na dhambi ya kuungama. Naomba mnivumilie niwaeleze kwa utaratibu.

Wengi wenu mlimfahamu Bi Kidude kwa jina na kwa sura. Jina lake halisi lilikuwa Fatuma binti Baraka. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi. Hakuna cheti kilichoiandika siku aliyozaliwa, ila alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 wengi walimhesabu kuwa ameikaribia miaka 100 au ameivuka. Alikuwa Mwislamu, nami sitamvika kanzu isiyokuwa yake, wala sitamfanya mtakatifu wa kalenda yetu. Alivuta sigara hadharani, alikunywa, aliikimbia ndoa aliyolazimishwa, na alitembea Tanganyika nzima akiimba. Ninamwandika kwa sababu moja tu: Mungu alimpa kipaji, na kipaji kile hakikupotea. Hilo la kutopotea ndilo lililoninyima usingizi.

Jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji wa mkusanyiko ule ni sauti yenyewe. Si sauti laini. Ni sauti nene yenye magamba kama gome la mkarafuu mkongwe, sauti iliyopitia moshi, jua na misiba. Fidla zinapanda kwa ulaini, naye anaingia juu yake kama mtu anayefungua mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Mwalimu wa muziki aliyetufundisha seminarini angemrudisha nyuma mara moja, amwambie afungue koo na kuzipanga pumzi. Lakini ukisikiliza kwa dakika chache unatambua kwamba kila neno linasikika, kila neno limekaa mahali pake, na kwamba anayeimba anakijua anachokisema.

Jambo la pili ni upana wake. Ndani ya diski moja mna taarab, na mna ngoma. Mwimbaji huyo huyo aliyesimama mbele ya udi na kanuni ndiye aliyejifunga ngoma kubwa ya msondo kiunoni na kuipiga katika unyago, akiwafunda wasichana mambo ya utu uzima na ya ndoa. Wengine huchagua njia moja na kuilinda. Yeye alizipita zote, na katika zote hakupoteza utambulisho wake: popote alipoimba, ulimjua kwa neno la kwanza.

Jambo la tatu ndilo kubwa zaidi. Baadhi ya nyimbo zilizompa umaarufu hakuzitunga yeye. “Kijiti” na “Muhogo wa Jang’ombe” alizirithi kwa Siti binti Saad, yule binti wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri za kwanza za taarab ya Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950. Wimbo wa “Kijiti” ulitokana na kisa cha mwanamke aliyeuawa: mtuhumiwa alivuka bahari akakimbilia bara, na mzigo wa sheria ukawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Mahakama ilikwisha kulifunga jalada lake, wimbo haukulifunga. Kijana Fatuma alizisikia nyimbo za Siti, akazishika kwa kichwa bila daftari, akazibeba kwa zaidi ya nusu karne, akazirudisha kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Siti. Huko ndiko kupokezana kwa kweli. Kanisa lina neno lake la kulieleza jambo hilo, tunasema Mapokeo. Na ninakiri kwamba nililielewa vema zaidi usiku ule kuliko katika mitihani ya teolojia.

Nikiwa mseminari, padri mmoja mgeni aliyetufundisha alikuwa na kanda ya mwimbaji wa Marekani, Linda Ronstadt, mkusanyiko wa nyimbo zake bora uliotolewa mwaka 1976. Tulikuwa tukiisikiliza siku za mapumziko, wengine tukicheka kwa kutoyaelewa maneno. Mama huyo, aliyesomeshwa utotoni katika shule ya Kikatoliki mjini Tucson, naye alikuwa mtu wa njia nyingi: muziki wa roki, muziki wa wakulima wa Marekani, kisha jazi, hata nyimbo za Kimeksiko za ukoo wa baba yake. Naye pia hakuwa mtunzi. Karibu zote zilizokuwa katika kanda ile zilitungwa na wengine. Nilizikumbuka habari zake nilipokuwa nikimsikiliza Bi Kidude, kwa sababu maisha ya wanawake hawa wawili yanafundishana. Ronstadt alikusanyiwa nyimbo zake bora akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka 2013, mwaka ule ule aliofariki Bi Kidude, alitangaza kwamba maradhi yamemnyang’anya uwezo wa kuimba. Bi Kidude kinyume chake: aliimba mpaka uzeeni kabisa, lakini albamu yake iitwayo “Zanzibar” ilitoka mwaka 1998, akiwa ajuza, na tuzo ya WOMEX aliipokea Uingereza mwaka 2005. Mmoja sauti ilikusanywa mapema, kisha ikanyamaza. Mwingine nusura sauti ipite bila kukusanywa. Tofauti kati ya kubaki na kupotea ilikuwa ni mtu fulani aliyeona kwamba inafaa kuinama na kuokota.

Sasa naja kwenye ungamo langu.

Nilipofika katika parokia hii, nilimkuta mama mmoja mzee aliyekuwa akiziongoza nyimbo za Misa ya asubuhi. Wazazi wake walitoka bara kuja kuchuma karafuu, yeye akazaliwa hapa hapa Pemba. Hakujua kusoma. Alianza ubeti peke yake, kwa sauti nzito iliyokwaruza, na waamini wakamwitikia. Nyimbo nyingine sikuwahi kuzisikia popote, wala hazikuwamo katika vitabu vyetu. Alisema alifundishwa na mama yake. Nami nilikuwa kijana niliyetoka masomoni na mipango mingi. Tulikwisha kununua kinanda, vijana walikuwa wamejifunza sauti nne, na sikukuu ya somo wa parokia ilikaribia na wageni wake. Nikamwambia mwalimu wa kwaya amwombe bibi apumzike. Nilitumia neno hilo, “apumzike”, kwa sababu lilikuwa na heshima, na kwa sababu lilinificha.

Siku iliyofuata alikuja kuniona sakristia. Sikujua niseme nini. Akaniambia, “Hewala, Baba. Watoto nao waimbe.” Aliniita Baba, mimi ambaye ningeweza kuwa mjukuu wake. Kisha akaketi karibu na mlango, na kila asubuhi nilimwona midomo yake ikitembea pasipo sauti.

Baada ya miaka miwili Mungu alimwita. Katika mkesha wa msiba, wanawake wa jumuiya walitaka kumwimbia ule wimbo ambao yeye ndiye aliyekuwa akiwaimbia wafu wote wa parokia hii. Wakaanza. Wakakumbuka kiitikio. Wakatafuta ubeti wa kwanza, mmoja akatoa maneno mawili, mwingine akamsahihisha, wakanyamaza. Wakarudia kiitikio mara nyingi, wakitumaini kwamba mmoja wao angekumbuka. Hakukumbuka mtu. Tulimzika kwa kiitikio. Mle nyumbani palikuwa na simu zisizopungua ishirini zenye uwezo wa kurekodi, nami mfukoni nilikuwa na yangu. Kwa miaka miwili hakuna hata mmoja wetu aliyeinyanyua mbele yake.

Siwezi kuutupa mzigo huu kwa mwalimu wa kwaya, wala kwa vijana. Neno lilikuwa langu. Na nililisema ingawa seminarini nilisoma, tena nikalijibia mtihani, fundisho la Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, kwamba mapokeo ya muziki ya watu yaheshimiwe na kupewa nafasi katika ibada. Nililijua fundisho kwa kalamu. Bibi yule alilijua kwa koo.

Sasa turudi kwenye Injili. Katika sura ya sita ya Yohane, umati umekula ukashiba, majani yamejaa makombo, na muujiza umekwisha. Mtu mwingine angeondoka. Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisiharibike chochote, nao wanajaza vikapu kumi na viwili. Kwa miaka mingi nilivihubiri vikapu hivyo kama ushahidi wa wingi wa mikate. Juma hili niliviona kwa namna nyingine. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakuwa na haja ya makombo, lakini aliyajali. Aliwafanya mitume, wakiwa wamechoka, wainame.

Sisi wa Pemba tunapaswa kuielewa Injili hii kuliko wengi. Wakati wa mavuno, vijana wanapopanda mikarafuu na kuchuma vikonyo, mnawajua akina mama na watoto wanaobaki chini wakiokota zilizodondoka katika majani, moja moja, mpaka kiganja kinajaa, mpaka kikapu kinajaa. Hakuna Mpemba anayeidharau karafuu kwa sababu imeanguka. Hata Ruthu, bibi wa ukoo wa Daudi, aliingia katika historia ya wokovu akiwa mwokotaji wa masazo nyuma ya wavunaji.

Mkusanyiko wa nyimbo za mwimbaji ni kikapu cha namna hiyo. Hauwezi kubeba kila alichokiimba. Nyingi zilikwenda na upepo katika harusi na ngoma ambazo hazikurekodiwa. Lakini kilichookotwa kinalisha. Nimejiuliza, nanyi mjiulize: siku Bwana atakapoukusanya mkusanyiko wa maisha yangu, ataokota nini? Huenda ataziacha zile Misa kubwa zenye kinanda nilizojivunia, na ataokota asubuhi moja nilipomsikiliza mgonjwa bila kuitazama saa. Na karibu na mlango atakuwapo mama aliyeimba bila sauti kwa miaka miwili. Naamini nyimbo zile kwake hazikupotea. Zimepotea kwetu, na hiyo ni hasara niliyoileta.

Nilipomrudishia Maalim diski yake, aliniuliza kama mkwaruzo ule umenipendeza. Nikamsimulia habari za bibi yetu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Padri, na kwetu madrasa wapo wazee wa namna hiyo. Nitakwenda kwao kesho.”

Basi, nina ombi moja, nalo si gumu. Jumamosi ijayo, baada ya Rozari, kila jumuiya ndogo ndogo imlete mzee mmoja kanisani. Vijana, leteni simu zenye chaji. Wazee wataimba wanachokikumbuka, hata kama ni nusu ubeti, hata kama sauti inakatika. Msiwasahihishe. Rekodini, kisha andikeni maneno katika daftari tutakaloliweka ofisini. Wale mliokuwa jirani na marehemu bibi yetu, mkikumbuka neno lolote la ule ubeti wa kwanza, njoni mniambie, hata usiku. Na Jumapili itakayofuata, wimbo wa kuingia utaanzishwa na mzee, bila kinanda. Nimekwisha kuzungumza na mwalimu wa kwaya, naye amekubali kwa furaha kuliko nilivyostahili.

Tuwaombee waimbaji wote walioibeba furaha na huzuni ya visiwa hivi, wa imani yetu na wasio wa imani yetu. Nami mniombee, ili nijifunze kuinama.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!

Wenu katika Kristo,
Paroko