Kuichagulia Kompyuta Kadi ya Grafiki

Katika likizo ya mwezi wa Juni nilipewa kazi ambayo sikupata kuifanya kabla yake. Kaka yangu, ambaye hupata riziki yake mjini Morogoro kwa kuchora ramani na picha za nyumba kwa kompyuta, alitaka kuiongezea mashine yake nguvu, akanitaka nimchagulie kadi ya grafiki. Alisema, "Wewe ndiwe usomaye Fizikia, mdogo wangu. Pima, kisha uniambie tununue ipi." Fedha zilizokuwapo zilikuwa shilingi 900,000. Laki nne zilikuwa akiba ya kaka, na laki tano Mama alizikopa katika kikoba chake, nazo zilikuwa na tarehe za kurudishwa. Kwa hiyo haikuwa kazi ya mzaha. Naandika habari hii kwa kuwa wengi wetu hapa shuleni twapenda sana kuzungumza juu ya kadi hizi, lakini mazungumzo yetu aghalabu huishia kwenye majina na namba tu.

Kwanza yafaa tujue kadi ya grafiki ni kitu gani. Ndani ya kompyuta mna prosesa, ambayo ndiyo mtenda kazi mkuu. Prosesa ya kaka ina viini vinne, na kila kimoja ni hodari wa kufuata amri ngumu, moja baada ya nyingine. Lakini kuchora picha ni kazi ya namna nyingine. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600, na kila nukta hutaka kuhesabiwa rangi yake. Uzito wa kazi hii u katika wingi wake. Ni kama shamba kubwa la mpunga lililojaa magugu: wakulima wanne hodari hawatalimaliza upesi kama watu elfu tatu wa kawaida walioingia kwa safu. Kadi ya grafiki ndiyo safu hiyo. Kadi iitwayo GeForce RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, ina viini 3,584. Hapo kale kadi hizi zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya michezo, lakini mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa njia ya kuzitumia kwa hesabu za kila aina, na tangu hapo wachoraji, wahandisi na wanasayansi nao wamezifanya zana zao.

Basi nilianza wapi? Sikuanza dukani. Nilianza na kazi yenyewe. Kaka hutumia programu iitwayo Blender. Akimaliza kuijenga nyumba ndani ya programu hiyo, huiamuru kompyuta ihesabu mwanga wa jua unavyoangukia kuta, sakafu na majani ya bustani. Mafundi wa kazi hiyo huita kurenda. Kwa prosesa peke yake, picha moja ilichukua muda wa saa sita, hivyo kaka aliiacha mashine ikifanya kazi usiku kucha, na umeme ukikatika ilimpasa kuanza upya. Mteja akisema asubuhi, "Mlango huu sitaki rangi hii," usiku mwingine ulipotea.

Nilimwomba kaka afungue kazi yake kubwa kuliko zote, nikatazama ni kumbukumbu kiasi gani ilitumika wakati wa kurenda. Ilizidi kidogo gigabaiti 7. Namba hiyo ilinifaa kuliko matangazo yote niliyoyasoma. Maana kumbukumbu ya kadi ni kama meza ya fundi. Vifaa vikienea juu ya meza, kazi huenda mbio. Visipoenea, fundi hana budi kwenda na kurudi stoo, na pengine kazi hukataa kabisa. Kadi ya gigabaiti 6 isingeitosha kazi ile. Ya gigabaiti 8 ingetosha kwa shida, bila nafasi ya kuongeza hata miti miwili mitatu. Ya gigabaiti 12 ingetosha na kubakiza.

Hapo ndipo nilipoona kuwa majina ya kadi hayana budi kusomwa kwa hadhari. Mtu hudhani kuwa namba kubwa ni kadi bora kwa kila jambo. Sivyo. RTX 4060 ilitoka mwaka 2023, miaka miwili baada ya RTX 3060, nayo ni nyepesi zaidi katika michezo mingi na hula umeme kidogo, lakini ina gigabaiti 8 tu, ilhali ile ya zamani ina 12. Tena jina moja huweza kubeba vitu viwili. RTX 3060 yenyewe iko ya gigabaiti 12, na baadaye ikatolewa ya gigabaiti 8 iliyo dhaifu zaidi. RTX 3050 ya mwaka 2022 ina gigabaiti 8 na hula wati 130. Ile iliyotolewa mwaka 2024 kwa jina hilo hilo ina gigabaiti 6, hula wati 70, na viini vyake ni vichache. Muuzaji mmoja alitaka kutuuzia RTX 3060 ya gigabaiti 8 akisema, "Zote ni 3060, dogo, tofauti hamna." Nilimshukuru, tukaenda zetu.

Baada ya kazi niliitazama mashine. Kadi hupata umeme wake kwa njia mbili. Tundu refu la kwenye ubao mkuu, ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 kwa upeo wake. Kadi ikihitaji zaidi, lazima iletewe waya wake yenyewe kutoka kwenye pawa saplai. Waya wenye pini nane hutoa wati 150. Pawa saplai ya kaka iliandikwa wati 300, wala haikuwa na waya huo. Nilijumlisha: prosesa wati 65, RTX 3060 wati 170, na vitu vingine nilivikadiria wati 50. Jumla ni 285. Mtu asiyefikiri angesema zatosha, maana 285 ni pungufu ya 300. Lakini punda hapakiwi mzigo wa mwisho wa nguvu zake kila siku, na mtengenezaji wa kadi mwenyewe hushauri pawa saplai ya wati 550. Kwa hiyo kuchagua RTX 3060 kulimaanisha kununua vitu viwili.

Nilichukua rula pia, nikapima nafasi ndani ya kasha: sentimita 29. Jambo hili laonekana dogo, lakini ziko kadi ndefu kuliko hivyo. Na mwenye kompyuta iliyotoka maofisini ng'ambo aangalie zaidi, kwa kuwa nyingi za mashine hizo zina kasha jembamba, na pawa saplai yenye umbo na waya za namna yake peke yake.

Kadi nyingine nilizipima kwa mizani hiyo hiyo. Kampuni ya Intel ilitoa mwezi wa Desemba 2024 kadi iitwayo Arc B580, yenye gigabaiti 12. Kwa mashine mpya ni kadi nzuri. Lakini ili itoe nguvu zake zote, yataka ubao mkuu unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, na mashine za mwaka 2017 kama ya kaka kwa kawaida hazina ruhusa hiyo. RX 6600 ya kampuni ya AMD hula wati 132 na inafaa sana kwa michezo katika skrini ya kawaida, ila ina gigabaiti 8. Mwishowe zilibaki mbili. Ya kwanza ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, ambayo ingechomekwa siku hiyo hiyo bila kubadili pawa saplai, na fedha nyingi zingebaki. Ya pili ni RTX 3060 ya gigabaiti 12 iliyokwisha kutumika, pamoja na pawa saplai mpya.

Jioni ile tulikaa watu watatu sebuleni, nami nikaeleza yote. Kaka alielekea ile ya bei ndogo, kwa kuwa deni la kikoba lilimkaa moyoni. Mama, ambaye hajui kurenda ni nini, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo ya bei ndogo itaimaliza ile kazi kubwa ya kaka yako?" Nilijibu, "La, Mama. Itazimaliza zile ndogo tu." Akasema, "Na wanaolipa vizuri ni wa kazi ndogo au kubwa?" Kaka akacheka, akasema kuwa ni wa kubwa. "Basi msikopeshe fedha zangu kwa kitu ambacho mtakirudia mwakani." Shauri lilikatwa hapo.

Kununua kitu kilichotumika kunataka macho mawili. Mwaka 2021 kadi za grafiki zilikuwa ghali mno, na sababu moja ni kwamba watu wengi duniani walizitumia usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha njia hiyo ya kuchimba, na kadi nyingi zikaletwa sokoni kama mitumba. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huenda zimechoka. Tulikwenda Kariakoo na ile kazi kubwa ya kaka ndani ya flashi. Muuzaji wa kwanza alikataa tusiijaribu kadi, hatukubishana naye. Wa pili alikubali. Tuliitia katika mashine yake, tukathibitisha kuwa kumbukumbu ni gigabaiti 12 kweli, tukairendesha nusu saa nzima. Tulisikiliza feni, tukatazama joto, tukaangalia kama madoa yangetokea katika skrini. Joto lilisimama kwenye nyuzi 72, wala doa halikuonekana. Kadi ilikuwa shilingi 560,000, na pawa saplai mpya ya wati 550 ilikuwa 170,000. Jumla 730,000. Zilizobaki, 170,000, kaka alimkabidhi Mama usiku ule ule.

Sasa picha iliyochukua saa sita humalizika katika muda wa robo saa hivi. Na hapa liko jambo lililonifurahisha mimi kama mwanafunzi wa Fizikia. Baba mdogo alituonya kuwa kadi ya wati 170 itakula LUKU yote. Nilichukua kalamu. Kabla ya kadi, mashine ilikula kama wati 100 kwa saa sita, yaani uniti 0.6 kwa picha moja. Sasa hula kama wati 250, lakini kwa robo saa tu, yaani uniti 0.06 hivi. Mashine yenye njaa zaidi imetumia umeme pungufu mara kumi kwa kazi ile ile, kwa sababu imemaliza mapema. Mwalimu wetu hutuambia tusichanganye nguvu na nishati. Nyumbani kwetu somo hilo limeandikwa kwenye karatasi ya LUKU. Hata hivyo Baba mdogo ana haki kwa upande mmoja: mtu akiitumia kadi hiyo hiyo kuchezea michezo saa tano kila siku, ataona uniti zikiyeyuka.

Hadi ninapoandika haya, Mama amekwisha kurudisha laki tatu na nusu katika kikoba. Kaka hupokea kazi ambazo zamani alizikataa, na mteja akitaka mlango ubadilishwe rangi, huletewa picha mpya kabla hajamaliza chai yake.

Wenzangu, wengi wetu tutaombwa na jamaa zetu kuchagua vitu kama hivi, kwa kuwa wao huamini kwamba sisi tuliosoma twajua. Imani hiyo ni amana. Kadi ya wastani si ile iliyo katikati ya bei ya juu na bei ya chini katika orodha ya muuzaji. Kwa mtu mwenye skrini ya kawaida na michezo ya kawaida, wastani ni gigabaiti 8. Kwa mwenye skrini ya nukta 3,840 kwa 2,160, ambazo ni mara nne ya zile za kawaida, wastani wake u juu zaidi. Kwa mwandishi wa barua na mahesabu, wastani ni kutonunua kadi kabisa, maana prosesa nyingi zina uwezo wa kuchora wa kumtosha. Kwa hiyo ulizeni kwanza: kazi ni ipi, nayo hutumia kumbukumbu kiasi gani? Kisha: pawa saplai ni ya wati ngapi, ina waya gani, na kasha lina nafasi gani? Baada ya hayo ndipo mwulize bei. Na mkiwa mwachagua kwa fedha ya mkopo, mwiteni na mwenye deni akae nanyi, hata kama hajui kadi ni nini. Huenda yeye ndiye atakayeuliza swali lililosahauliwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita